Kupanda na mto Derwent: mwongozo kamili wa kuzunguka Derbyshire bila gari

Tuanze na jina, maana hapo ndipo wageni wangu wengi hujikwaa. Huandikwa Derby, lakini hutamkwa "Dabi", kama tunavyosema Dabi ya Kariakoo. Kaunti nzima basi ni "Dabishe". Wenyeji wa Ashbourne, kusini mwa kaunti, watakuambia hata neno la dabi limetokana na mpira wao wa Jumanne ya mwisho kabla ya Kwaresima na Jumatano ya Majivu, ambao mji mzima hugawanyika pande mbili na magoli huwa umbali wa karibu kilomita 5. Wapo wanaolipeleka neno hilo kwenye mbio za farasi. Usibishane na mtu wa Ashbourne kuhusu hilo, mwache akusimulie.

Naishi Uingereza, na kila kiangazi napokea ndugu na jamaa kutoka nyumbani. Wakishachoka na London nawapeleka Derbyshire. Miaka ya mwanzo nilikuwa nawakimbiza: kasri asubuhi, pango mchana, mji mwingine jioni, na mwisho wa siku hakuna aliyekumbuka kaona nini wapi. Siku hizi nina njia moja tu. Tunaushika mto Derwent pale Derby na kupanda nao kuelekea kaskazini, hadi kwenye milima unakotoka. Karibu kila kinachostahili kuonwa kimejipanga kandokando ya maji hayo au hatua chache kutoka hapo, na treni na mabasi yanafuata bonde lilelile.

Hatua ya kwanza: msimu, nguo na kitanda

Njoo kati ya Mei na Septemba. Mchana ni mrefu, na mabasi ya vijijini ni mengi kidogo. Mvua utaikuta hata Julai, kwa hiyo beba koti la mvua lenye kofia na viatu vyenye soli ya meno. Mwavuli uache hotelini, upepo wa juu huku utaugeuza bakuli.

Kulala, mimi napendekeza Matlock kuliko Derby. Derby ni rahisi zaidi na ina kila kitu cha mjini, lakini kila asubuhi utaanza kwa safari. Matlock ni mwisho wa reli ya bonde la Derwent, na mabasi ya kwenda Bakewell yanaanzia au kupita hapo. Bakewell yenyewe ni nzuri zaidi kwa macho, ila haina treni.

Kutoka stesheni ya St Pancras, London, hadi Derby ni kama saa moja na nusu kwa treni. Kata tiketi mapema kwa simu, maana nauli ya kununua siku ya safari inaweza kukuharibia bajeti yote. Kutoka Derby, treni ndogo ya kwenda Matlock huchukua kama dakika 35. Kwa mabasi, tangu Januari 2025 kikomo cha nauli ya safari moja kwenye mabasi mengi ya England ni pauni 3, nako huongezwa muda na serikali kila mara, kwa hiyo hakikisha kabla. La kuzingatia zaidi ni Jumapili: vijiji vingine hubaki na mabasi machache, vingine bila kabisa. Mara moja niliwachelewesha wageni kwenye chai kijijini, basi la mwisho likatupita, tukalipa teksi pesa ambayo ingetulisha siku mbili. Siku hizi ratiba ya kurudi naiangalia kabla ya ile ya kwenda.

Hatua ya pili: Derby hadi Matlock Bath, siku ya viwanda

Shuka Derby asubuhi na utembee hadi Museum of Making, kando ya mto. Kuingia ni bure. Jengo limesimama mahali palipokuwa na kiwanda cha hariri cha akina Lombe, kilichokamilika mwaka 1721 na kuendeshwa kwa nguvu ya maji ya Derwent. Ukiingia tu, inua macho: juu ya kichwa chako imening'inia injini ya ndege ya Rolls-Royce, aina ya Trent 1000. Rolls-Royce hutengeneza injini zake hapahapa Derby, na Dreamliner za Air Tanzania huruka kwa injini za aina hiyo. Mpwa wangu alipiga picha nyingi hapo kuliko alizopiga Buckingham.

Panda treni ya Matlock, shuka Belper. Hapa simama hata kama ni kwa saa moja, maana pana hadithi inayotuhusu. Wenye viwanda vya pamba vya Belper walikuwa ukoo wa Strutt. Kijana mmoja aliyejifunza kazi kwao, Samuel Slater, aliondoka mwaka 1789 akiwa ameweka kichwani jinsi mitambo ilivyoundwa, kwa kuwa sheria ilikataza kutoa ujuzi huo nje ya nchi. Akavuka hadi Marekani, akajenga mitambo ya kusokota nyuzi huko Rhode Island, na kutoka kwake ndiko viwanda vya pamba vya New England vilikoota. Wamarekani wanamheshimu kama baba wa viwanda vyao. Belper walimwita msaliti. Sasa fikiria kitambaa ambacho wafanyabiashara wa New England walikileta Unguja karne ya 19, kikaenda bara kwa misafara hadi maziwa makuu, kikavaliwa, kikawa hata fedha ya kulipia: merikani. Ukisimama kwenye daraja la Belper ukatazama maji yanavyoporomoka kwenye kingo ile ya nusu duara, unatazama mzizi mmoja wa nguo ya mababu zetu.

Kituo kinachofuata cha maana ni Cromford. Kutoka stesheni hadi kiwanda cha Richard Arkwright ni mwendo wa dakika kumi. Arkwright alianza maisha kama kinyozi na mtengeneza nywele za bandia, na mwaka 1771 akajenga hapa kiwanda cha kusokota pamba kwa nguvu ya maji. Alipachagua kwa sababu ya mfereji uliokuwa ukitoa maji kwenye migodi ya risasi: maji yake yalikuwa na uvuguvugu, hayakuganda wakati wa baridi, basi magurudumu yalizunguka mwaka mzima, usiku na mchana kwa zamu. Watoto walikuwa sehemu kubwa ya wafanyakazi. Tangu 2001 bonde lote hili, kuanzia Derby hadi kiwandani hapa na kupita kidogo, ni Urithi wa Dunia wa UNESCO. Kuingia uani ni bure, ziara ya kuongozwa ni ya kulipia na inafaa pesa yake, maana majengo yenyewe bila msimulizi ni kuta tu.

Ukitoka hapo una chaguo mbili. Wenye wazee au watoto wadogo wafuate njia ya mfereji wa Cromford, tambarare kabisa, bata pembeni. Wenye miguu mizuri wapande kidogo hadi Scarthin Books, duka la vitabu kando ya bwawa, lenye vyumba vilivyopachikwa juu ya vyumba.

Jioni malizia Matlock Bath. Mji huu ni kichekesho cha aina yake: una maduka ya peremende, michezo ya sarafu na samaki na chipsi kama mji wa pwani, wakati bahari iko mbali kuliko karibu popote Uingereza. Jumapili hujaa waendesha pikipiki waliopanga mashine zao barabarani na kukaa kuzitazama. Magari ya kamba, yaliyoanza mwaka 1984, hukupandisha hadi Heights of Abraham kwenye mapango na mandhari ya bonde zima. Kula chipsi kando ya mto, lakini kwanza uliza jambo ambalo nitalieleza chini.

Hatua ya tatu: Bakewell, Chatsworth na ndizi

Ukiweza, iwe Jumatatu, siku ya soko Bakewell. Panda basi kutoka Matlock asubuhi na ule kiamsha kinywa ukifika. Agiza oatcake ya Derbyshire. Shangazi yangu wa Tanga alipoletewa aliigeuza kwa uma, akainusa, akasema, "Hii si chapati ya maji hii?" Ndiyo, ni chapati ya maji, ila ya unga wa oti na hamira kidogo, laini, yenye vitundu juu, inayokunjwa na jibini, mayai au uyoga. Ukisahau na kumwambia Mwingereza wa mbali, atafikiri unazungumzia biskuti kavu ya Scotland. Hii ni kitu kingine.

Halafu kuna ule mjadala wa Bakewell. Mgeni huomba "Bakewell tart" na mwenye duka hutabasamu kwa uvumilivu. Cha hapa ni Bakewell pudding: ganda la unga la matabaka, jamu chini, juu mchanganyiko wa mayai, siagi, sukari na lozi, uliookwa hadi ukashika bila kukauka. Sura yake haivutii, imebonyea katikati kama kiti cha zamani. Inasimuliwa kwamba mpishi wa hoteli moja mjini alikosea maagizo karne ya 19 ndipo ikazaliwa. Duka zaidi ya moja linadai kuwa na maelekezo ya asili. Nunua ndogo kwenye maduka mawili tofauti, amua mwenyewe. Kwangu ni lazima iwe ya moto.

Kutoka Bakewell hadi Chatsworth unaweza kupanda basi, lakini ukiwa na miguu, tembea. Njia inapita juu ya kilima, kama kilomita 5, na mwinuko wake wa mwanzo utakutoa jasho. Ukishuka upande wa pili unapita kijiji cha Edensor (tamka "Enza"), ambacho watawala wa Chatsworth walikihamisha ili kisiwaharibie mandhari. Kwenye makaburi ya kanisa lake amelala Kathleen Kennedy, dada yake Rais John F. Kennedy, aliyeolewa na mrithi wa Chatsworth mwaka 1944 na kufa kwa ajali ya ndege mwaka 1948. Rais mwenyewe alikuja kulizuru kaburi hilo Juni 1963, miezi michache kabla hajauawa.

Chatsworth ni makao ya ukoo wa Cavendish, na ni nyumba kubwa kweli. Tiketi ya ndani si rahisi mfukoni, na nyumba hufungwa kipindi cha baridi kali mwanzoni mwa mwaka. Shauri langu: kama bajeti inabana, nunua tiketi ya bustani peke yake, na viwanja vya nje vyenye kondoo na paa kando ya mto ni bure kabisa. Bustanini tafuta vitu viwili. Cha kwanza ni chemchemi iitwayo Emperor, iliyojengwa mwaka 1844 na Joseph Paxton kwa ajili ya kumpokea mfalme wa Urusi, ambaye hakutokea. Haina pampu. Maji hushuka kutoka bwawa lililo juu ya kilima na mgandamizo wake ndio unaoyarusha, na yamewahi kufika mita 90.

Cha pili ni mgomba. Miaka ya 1830 Paxton, aliyekuwa mtunza bustani mkuu, aliotesha ndani ya nyumba za vioo mgomba mfupi uliotoka Mauritius, akaupa jina la mwajiri wake: Cavendish. Miche yake ikapelekwa visiwa vya Pasifiki na kwingineko, na leo ndizi za manjano zinazojaa maduka ya Ulaya na Marekani karibu zote ni za ukoo huo. Mgeni wangu mmoja wa Bukoba alisikiliza habari hii yote kimya, kisha akauliza kama Waingereza waliwahi hata kujifunza kuipika.

Hatua ya nne: Eyam, usiende kwa haraka

Eyam hutamkwa "Im". Kuna basi kutoka Bakewell, si mengi, kwa hiyo ipe siku yake.

Mwaka 1665, London ikiwa katika tauni, mshonaji wa nguo wa kijijini aliletewa furushi la vitambaa kutoka huko. Vilikuwa na unyevu, vikaanikwa mbele ya moto, na viroboto wakaamka. Msaidizi wake akafa Septemba, kisha majirani. Kiangazi cha 1666 mchungaji kijana, William Mompesson, akisaidiana na mtangulizi wake Thomas Stanley, aliwashawishi wanakijiji wasikimbie. Walijifungia wenyewe ili vijiji vya jirani visiambukizwe. Ibada zikahamia bondeni nje, kila familia ikasimama mbali na nyingine. Kila nyumba ikazika wafu wake. Hadi Novemba 1666 watu wapatao 260 walikuwa wamekufa, akiwemo Catherine, mke wa Mompesson mwenyewe, ambaye kaburi lake utaliona kanisani.

Anza kanisani, kisha pita polepole kwenye zile nyumba zenye vibao mbele: nani aliishi hapa, nani alikufa, tarehe ngapi. Watu wanaishi ndani yake hadi leo, usichungulie madirishani. Halafu fuata alama za kwenda kwenye jiwe la mpaka, kati ya Eyam na Stoney Middleton, mwendo mfupi kupitia mashambani. Ni jiwe la kawaida lenye matundu sita. Wanakijiji walitia sarafu humo pamoja na siki ili kuzisafisha, na watu wa Stoney Middleton waliacha chakula, wakachukua pesa, wakaondoka bila kuonana. Ukitia kidole kwenye tundu linakuwa la baridi, na kingo zake zimelainika kwa vidole vya watu.

Upande mwingine wa kijiji kuna makaburi ya Riley, ndani ya ukuta mdogo wa mawe katikati ya shamba. Elizabeth Hancock aliwazika hapo mume wake na watoto sita kwa siku nane, Agosti 1666. Mimi huwapeleka wageni hapo na kuwaacha. Hakuna cha kueleza.

Ukibahatika kufika wakati wa kupamba visima, utakuta upande wa furaha wa vijiji hivi. Kuanzia Mei hadi Septemba vijiji hupeana zamu. Tissington huanza, Sikukuu ya Kupaa, na Eyam hufanya mwisho wa Agosti. Mbao zilizolowekwa hupakwa udongo wa mfinyanzi, picha huchorwa juu yake, kisha hujazwa petali moja moja kwa vidole. Mama mmoja aliyekuwa akipanga alinionyesha siri: unaanza chini kwenda juu, na kila petali hulalia iliyo chini yake ili mvua iteleze. Nikamwambia ndivyo tunavyoezeka makuti.

Hatua ya tano: kula bila kuaibika wala kushinda njaa

Pabu ni jiko la kijiji. Huhitaji kunywa pombe, agiza soda au chai na hakuna atakayekutazama. Lakini usikae ukisubiri mhudumu. Chagua meza, soma namba yake, nenda kaunta, agiza, na mara nyingi ulipe hapohapo. Kosa kubwa ni saa. Jiko la pabu nyingi hufungwa saa nane au nane na nusu mchana na kufunguliwa tena saa kumi na mbili jioni. Siku moja tulifika kijiji kimoja saa tisa, tumelowa, tukala pakiti za krispi na kuziita chakula cha mchana. Jumapili ni nyama ya kuoka na viazi na mchuzi mzito. Weka nafasi kwa simu siku mbili kabla.

Kwa Waislamu: samaki na chipsi maduka mengine hukaanga kwa mafuta ya ng'ombe asiye wa halali, kwa hiyo uliza "wanakaanga kwa mafuta gani" kabla ya kulipa. Unga wa keki na mikate mingine ya asili unaweza kuwa na mafuta ya nguruwe, uliza pia. Vijijini halali ni adimu, utategemea samaki, mayai na mboga. Njaa ya nyama iponyeshe Derby, mtaa wa Normanton Road, kwenye mabucha na migahawa ya Kipakistani na Kihindi.

Jibini la Stilton, lenye mishipa ya buluu, kwa sheria hutengenezwa katika kaunti tatu tu: Derbyshire, Leicestershire na Nottinghamshire. Onja kipande kidogo kwanza. Harufu yake haifichiki ndani ya begi.

Hatua ya sita: juu

Siku ya mwisho hamia reli nyingine, ya Hope Valley, inayounganisha Manchester na Sheffield. Shuka Edale. Mbele yako ni Kinder Scout, mita 636, kilele cha kaunti. Milima hii ilikuwa ya mabwana wa uwindaji na wafanyakazi wa viwandani walikatazwa kukanyaga, hadi tarehe 24 Aprili 1932, mamia yao walipopanda kwa makusudi wakiongozwa na kijana Benny Rothman. Watano walifungwa. Mwaka 1951 Peak District ikawa hifadhi ya taifa ya kwanza Uingereza.

Kinder ni ya wazoefu. Mgeni apande Mam Tor, mita 517, kupitia Hollins Cross, njia yenye ngazi za mawe kileleni. Fuata mishale ya manjano, funga kila geti ulilofungua, mbwa afungwe kamba penye kondoo. Simu haishiki kila mahali, beba ramani ya karatasi. Ukiumia piga 999, omba polisi, kisha waambie unahitaji waokoaji wa milimani.

Shuka upande wa Castleton na upite kwenye barabara iliyovunjika. Mlima ulikuwa ukiteleza na kuibomoa kila ilipotengenezwa, hadi serikali ikachoka na kuifunga mwaka 1979. Lami imekatika vipande virefu kuliko mtu, mistari myeupe ya katikati bado inaonekana, imepinda kuelekea bondeni. Castleton ina mapango manne ya kulipia. Nenda moja tu, Speedwell ukipenda mashua, Treak Cliff ukitaka kuona jiwe la zambarau liitwalo Blue John likiwa bado ukutani.

Ukibakiwa na nusu siku, shuka treni Bamford na utembee hadi bwawa la Ladybower, ambako Derwent imezuiwa. Vijiji viwili, Derwent na Ashopton, vilizamishwa kulijenga wakati wa Vita Kuu ya Pili. Miaka ya ukame mkali maji yakishuka, mawe ya kijiji cha Derwent hujitokeza na watu huja kuyatazama. Miaka mingine utaona maji tu, na miti ya misonobari ukingoni. Treni ya kwenda Sheffield inasimama Bamford. Kung'uta matope viatuni kabla haijafika.